Mkulima Anakatwa Kwenye Mzani, Mkubwa Anasubiriwa: Tarehe 7 Ni ya Nani?

Makamanda, kuna tarehe moja ambayo kila kijana wa chama hiki anatakiwa kuijua kama anavyojua kituo chake cha kupigia kura. Ni tarehe 7 ya kila mwezi.

Najua wengine mshaanza kuguna. "Huyu naye, tunaongelea Katiba Mpya, yeye anatuletea kalenda ya kodi." Subirini kwanza. Nasoma sheria, nimekulia Mkula, wilaya ya Busega, na nimechoka kuona tunapigwa mchana kweupe halafu tunabaki kupiga kelele "wezi, wezi" bila kujua mlango waliopitia. Mlango wenyewe unaitwa kodi ya zuio.

Ngoja niieleze kwa lugha ya kijiweni. Kampuni iliyopo Tanzania ikimlipa mtu au kampuni ya nje, iwe ni gawio kwa wanahisa, riba ya mkopo, mrabaha au ada ya huduma, sheria haimwambii yule wa nje, "Njoo Dar es Salaam ulipe kodi." Nani atamfuata London au Amsterdam? Sheria inamwambia anayelipa: kata kabla hujatuma. Gawio kwa kawaida ni asilimia 10, riba asilimia 10, ada ya huduma na mrabaha asilimia 15. Ukishakata, peleka kwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Halafu andika taarifa: ulimlipa nani, kiasi gani, ukakata ngapi. Hiyo ndiyo Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004.

Sasa shikeni neno moja hapo. Ile hela iliyokatwa siyo ya kampuni. Ni kodi ya yule wa nje, kampuni imeishika tu mkononi. Ni amana. Kama nimekutuma dukani ukarudi na chenji, ile chenji siyo mtaji wako. Ukikaa nayo miezi sita ukaifanyia biashara, kijijini kwetu tuna jina la mtu wa hivyo, na jina hilo siyo "mwekezaji".

Na ugumu wa muda usitumike kama kisingizio. Hesabu nami. Kampuni ikimlipa mtu wa nje tarehe 1 Machi, mwisho wa kupeleka zuio ni tarehe 7 Aprili. Hizo ni siku 37 za kukaa na hela ya Watanzania bila riba na bila kuulizwa. Uganda wanatoa siku 15 baada ya mwezi kuisha. Kenya, kwa sheria yao ya fedha ya 2023, waliandika siku 5 za kazi tangu zuio lilipokatwa. Sisi tuko katikati. Kwa hiyo sheria yetu ipo na muda wake ni wa haki. Swali ni moja tu: nani analazimishwa kuufuata, na nani anasubiriwa?

Njooni Mkula mjionee anayelazimishwa.

Mkulima wa pamba anapeleka mzigo AMCOS. Ushuru wa mazao wa halmashauri, asilimia 3 ya bei ya shambani tangu marekebisho ya 2017, unahesabiwa na pamba ikiwa bado kwenye mzani. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, lakini hakuna mkulima Kanda ya Ziwa asiyejua kwamba hiyo asilimia 3 inatoka kwenye bei anayopewa yeye. Hakuna siku 37 pale. Na mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, wakulima wakaishia kuzungushwa miezi kadhaa kusubiri malipo yao wenyewe. Pamba imeondoka, hela haijaja. Nani alitozwa adhabu ya ucheleweshaji kwa ajili yao?

Mwalimu wa shule ya msingi naye kodi yake inakatwa kabla mshahara haujagusa simu. Haombwi, haandikiwi barua. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Mama aliyetumiwa hela ya dawa na mwanaye aliyeko Mwanza alikatwa sekunde ileile. Mpaka nchi nzima ilipolalamika ndipo wakaanza kupunguza kidogo kidogo. Kumbe mitambo ya kukata papo hapo ipo! Kumbe serikali ikitaka hela kwa wakati inaweza, hata kwa muamala wa elfu mbili.

Haya, tugeuke upande wa pili sasa.

Kampuni ya African Barrick Gold, ambayo baadaye ilijiita Acacia, iliingia soko la hisa la London mwaka 2010. Migodi yake mnaijua: Bulyanhulu, Buzwagi, North Mara. Hapa nchini hadithi ilikuwa ileile kila mwaka, migodi inapata hasara, hakuna kodi ya faida ya maana ya kulipa. Lakini kule London, kati ya 2010 na 2013, wanahisa walipokea gawio la zaidi ya dola milioni 400. Gawio, kwa mtu aliyesoma biashara hata ya kuuza maandazi, ni mgao wa faida. Hasara hapa, faida kule. Ng'ombe mmoja, huku wanasema hana maziwa, kule wanauza siagi.

TRA wakauliza swali rahisi: kampuni inayoendesha migodi yake Tanzania imelipa gawio kwa watu wa nje, zuio la asilimia 10 liko wapi? Kampuni ikajibu kwamba yenyewe ni ya Uingereza, siyo mkazi wa hapa kikodi, kwa hiyo hakuna cha kuzuia. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi likaamua dhidi ya kampuni: dola milioni 41.25. Baadaye Mahakama ya Rufani nayo ikasimama upande wa TRA.

Angalieni miaka hapo. Gawio la kwanza lilitoka 2010. Baraza likatoa uamuzi 2016. Kwa kalenda ya tarehe 7, kila zuio lilitakiwa kufika ndani ya wiki moja baada ya mwezi wa malipo. Kwa kalenda ya wakubwa, miaka sita bado mnabishana kama mlitakiwa kukata. Jiulizeni mkulima wa Mkula angeambiwa nini kama angesema kwenye mzani, "Ngoja kwanza tukabishane mahakamani kama mimi ni mkazi wa Busega."

Mtu atasema, lakini serikali ilishinda. Ndiyo, ilishinda, na nawapa heko mawakili wa TRA, kwa sababu mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Walishinda kwa sababu walikuwa na hesabu: gawio kiasi hiki, tarehe hii, asilimia 10, jumla hii. Kesi yenye daftari.

Sasa linganisheni na sinema ya 2017. Julai mwaka ule Acacia waliletewa makadirio ya dola bilioni 190: kama bilioni 40 za kodi, na bilioni 150 za adhabu na riba. Mnakumbuka? Mtandaoni watu walianza kugawana Noah, kila Mtanzania na ya kwake. Waliohoji hesabu ile waliitwa wasaliti na vibaraka wa mabeberu. Tundu Lissu alionya hadharani kwamba kwa mikataba tuliyojifunga tutashtakiwa nje, na mwezi uleule kampuni zinazomiliki Bulyanhulu na Buzwagi zikafungua mashauri ya usuluhishi dhidi ya serikali. Ikaishaje? Oktoba 2019 ikatangazwa kwamba yameisha mezani, na Januari 2020 wakasaini: dola milioni 300 kumaliza migogoro yote, pamoja na hisa asilimia 16 za serikali na kuundwa kwa kampuni ya Twiga. Milioni 300 katika bilioni 190 ni kama senti 16 katika kila dola 100.

Na hata hiyo milioni 300 haikulipwa kwa mkupuo. Ilipangwa milioni 100 kwanza, halafu milioni 40 kila mwaka kwa miaka mitano. Mkubwa anapewa mafungu. Nani kwenu alishawahi kukatwa tozo kwa mafungu?

Sisemi bilioni 190 ilikuwa deni halali. Nasema hivi: serikali iliyoacha kazi ya tarehe 7 kila mwezi, ikaibuka siku moja na namba ya kutisha, haiwezi kusimama nayo mezani. Zuio halikusanywi kwa hotuba ya kwenye televisheni. Linakusanywa mwezi kwa mwezi, malipo kwa malipo, na mtu anayeuliza tarehe 8 asubuhi: mbona hujaleta? Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tukapata makelele badala ya daftari, na mali ikaondoka na habari zake.

Wakubwa wana mbinu nyingine, ya kubishania neno. Tullow Tanzania BV, waliokuwa wakitafuta mafuta na gesi, waliwalipa watoa huduma wa nje. TRA wakadai zuio la asilimia 15. Hoja ya kampuni ikawa kwamba huduma zilifanyika nje ya Tanzania, kwa hiyo hela hiyo haina chanzo hapa. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikakataa: huduma imeletwa kwa mlipaji aliyeko Tanzania na imetumika kwenye shughuli zake za Tanzania, basi chanzo cha malipo ni hapa. Uamuzi mzuri, na kila anayesoma sheria ausome. Lakini tazameni ilivyokuwa, mabishano ya neno moja mpaka mahakama ya juu kabisa nchini. Mwenye mawakili anaweza kununua muda. Mwenye pikipiki hawezi.

Adhabu zipo? Zipo, tena zinauma zikitumika. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 iliweka kwamba anayechelewa kuwasilisha taarifa anatozwa, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, au pointi 15 kwa taasisi na 5 kwa mtu binafsi, kipi ni kikubwa. Pointi moja ilipangwa shilingi 15,000, maana yake kima cha chini kwa kampuni kilikuwa shilingi 225,000 kwa mwezi. Juu yake kuna riba. Na aliyeshindwa kukata anadaiwa kodi ileile kana kwamba alikata.

Tatizo ni msamaha. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha sheria ili Waziri aweze kusamehe riba na adhabu mpaka asilimia 100 kwa waliokuwa na malimbikizo, na dirisha lile lililotakiwa kufungwa Desemba 2018 likasogezwa mpaka Juni 2019. Ulihusu wadogo na wakubwa, hilo nakubali, na wapo wafanyabiashara wadogo uliowaokoa. Lakini msamaha wa riba unamfaidi zaidi nani? Aliyechelewesha kingi zaidi, kwa muda mrefu zaidi. Aliyelipa kila tarehe 7 alipata nini? Hata asante hakupata. Tulimfundisha kwamba uaminifu ni ushamba.

Najua majibu ya watetezi. La kwanza: "Mkiwabana, wawekezaji wataondoka." Nawauliza, waondoke kwa lipi? Zuio si kodi mpya na si gharama iliyofichwa. Limo kwenye sheria tangu kabla hawajaja. Tena kama nchi wanakotoka ina mkataba na sisi wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili, wana njia halali ya kuomba nafuu. Mikataba hiyo tunayo na nchi 9: Afrika Kusini, Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden na Zambia. Mwekezaji anayekimbia nchi kwa sababu ameombwa arudishe chenji ya watu hakuwa mwekezaji.

Jibu la pili ni zito zaidi, na nalichukulia kwa uzito wake: "Sheria hii mkiikaza, atakayeumia ni mdogo." Ni kweli kabisa, kwa namna inavyosimamiwa leo. Chukua mfano wa dada mwenye gesti Lamadi, karibu na geti la Ndabaka la Serengeti. Anauza vyumba kupitia mtandao wa nje, anaulipa kamisheni. Kisheria hiyo ni ada ya huduma kwa asiye mkazi, na baada ya uamuzi wa Tullow hawezi kusema huduma ilifanyika Ulaya. Anatakiwa kuzuia asilimia 15. Atazuiaje, wakati mtandao unakata kamisheni yake wenyewe kwenye kadi? Akidaiwa, atatoa mfukoni mwake: kwa kila dola 100 za kamisheni, dola 15. Na akitaka kufanya hesabu sawasawa ili yule wa nje abaki na 100 kamili, zuio linakuwa dola 17.65. Wakati huohuo, tangu 2022, kampuni ya nje inayouza huduma za kidijitali kwa mtu wa kawaida inatozwa asilimia 2 tu ya mapato ghafi. Dada wa Lamadi 15, jitu la mtandao 2.

Sasa nani alimfundisha dada huyu? Semina ya kodi ya malipo ya nje iliwahi kufanyika Nyashimo lini? Maafisa wakifika kwake wanakuja na kadirio mkononi. Akitaka kupinga, ana siku 30, na lazima kwanza aweke theluthi moja ya kodi anayodaiwa, au kiasi asichokibishia, kipi ni kikubwa. Kwa kampuni kubwa, theluthi moja ni mstari kwenye bajeti ya mawakili. Kwa dada wa Lamadi, theluthi moja ni kufunga gesti.

Ndo maana nasema hili ni suala la haki kabla halijawa suala la uhasibu. Tarehe ni moja, sheria ni moja, lakini mmoja anaijua akiwa na jopo la wahasibu na mwingine anaijua siku anapofungiwa mlango.

Kwa hiyo tunataka nini? Tusiwe watu wa kulaumu tu. Haya ni ya kudai, na ninaomba yaingie kwenye ajenda za vijana kuanzia tawi mpaka taifa.

Moja. TRA itoe kila robo mwaka jumla ya zuio lililokatwa kwenye malipo ya nje, kwa sekta: madini, gesi, mawasiliano, ujenzi, utalii. Ionyeshe kiasi gani kilifika kwa wakati, kiasi gani kilichelewa, kiasi gani kinabishaniwa. Wasituambie ni siri ya mlipakodi, jumla ya sekta haimtaji mtu. Na kwa madini, mafuta na gesi tayari tuna sheria ya uwazi na uwajibikaji ya 2015. Itumike hadi kwenye tarehe, siyo kwenye jumla za mwaka zinazotoka mambo yakishapoa.

Mbili. Mfumo wa benki na wa TRA uongee moja kwa moja. Gawio au ada ya menejimenti ya mabilioni ikitoka kwenda nje, TRA waione siku ileile na wahesabu siku zao kuanzia hapo. Kama tozo ya elfu mbili ilikatwa kwa sekunde, hili linawezekana.

Tatu. Makubaliano yoyote ya kumaliza deni kubwa la kodi nje ya mahakama yawekwe mezani bungeni, namba zote, kabla ya kusainiwa. Mwaka 2017 Bunge hilihili lilitunga sheria za umiliki wa maliasili na za kupitia upya mikataba, likajigamba kwamba siri zimekwisha. Haya, tuanze na mikataba ya madeni.

Nne. Msamaha wa riba na adhabu uwe na kikomo. Mdogo asamehewe kwa utaratibu unaojulikana. Aliyekata zuio akakaa nalo asisamehewe hata senti, kwa sababu hakukosa uwezo wa kulipa. Hela alikuwa nayo mkononi.

Tano. Kwa wadogo, elimu kwanza, kadirio baadaye. Na mitandao mikubwa ya nje inayokata kamisheni yenyewe, ibebe yenyewe kazi ya kuwasilisha kodi. Mzigo amtwishe anayeshika kisu.

Mwisho niseme na sisi wenyewe. Makamanda, hatutaichukua nchi kwa hasira peke yake. Siku tukiingia serikalini, tarehe 7 itafika mwezi wa kwanza kabisa, na meza ile itakuwa yetu. Kijana asiyejua leo zuio ni nini, kesho atakuwa waziri wa kuletewa karatasi asaini. Wapo waliosaini hivyohivyo kabla yake, na matokeo yake tunayaishi.

Kwa hiyo anzeni mlipo. Kwenye mkutano wa kijiji, kwenye baraza la madiwani hata kama mnakaa viti vya nyuma kama wasikilizaji, mradi wowote wenye mshauri au mkandarasi wa nje ukisomwa, nyoosha mkono. Uliza kwa adabu, kwa sauti ya kusikika: amelipwa lini, zuio ni kiasi gani, na limepelekwa tarehe ngapi? Mwenyekiti akisema swali hilo si la ngazi yake, mwombe aliandike kwenye muhtasari. Likishaandikwa, kuna siku mtu atalazimika kulijibu.